Somo la Nyumbani: Kuishi na Mgonjwa wa Skizofrenia



Somo la mara hii wengi huliona kuwa ni la aibu. Sisi tumejifunza nyumbani kwetu kwa miaka 22, tangu mwana wetu alipougua akiwa na umri wa miaka 19. Yeye mwenyewe amesoma maneno haya na kuturuhusu tuwaandikie.

Ugonjwa wenyewe

Skizofrenia ni ugonjwa unaovuruga fikira. Mgonjwa aweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuamini kwamba watu wanamwinda, au kujitenga na kuacha hata kuoga. Mara nyingi huanza katika ujana. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtu mmoja katika kila watu 300 hivi anao. Basi parishi kubwa haikosi nyumba inayoujua. Si laana, wala hautokani na malezi mabaya.

Makosa yetu

Kwanza, tulimficha. Watu walipouliza, tulisema amesafiri. Pili, tulimkaripia kila siku, tukamwita mvivu. Tatu, alipopata nafuu tuliacha dawa, kwa sababu mtu mmoja aliyemwombea alituambia kwamba kumeza vidonge ni kukosa imani. Haikupita miezi mitatu, tukamkuta usiku wa manane akitembea peku kwenye reli. Tangu siku ile tunaomba na dawa tunatumia. Luka naye alikuwa tabibu.

Ulimi wa nyumbani

Huko Uingereza, George Brown na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 101 waliotoka hospitali kurudi kwa jamaa zao. Mwaka 1972 walitangaza waliyoyaona. Katika nyumba zenye lawama nyingi, chuki, au wasiwasi wa kupita kiasi, asilimia 58 walirudiwa na ugonjwa katika muda wa miezi 9. Katika nyumba tulivu walikuwa asilimia 16 tu. Hii si kusema kwamba jamaa ndio walioleta ugonjwa. Ni kusema kwamba maneno yetu yana kazi kando ya dawa. Tena tuangalie: anayemfanyia mgonjwa kila kitu kama mtoto mchanga naye humdhuru, ingawa ampenda.

Tunavyofanya sasa

1. Tunasema naye kwa upole, jambo moja kwa wakati mmoja.

2. Akisikia sauti, hatubishani naye, wala hatujifanyi kuzisikia. Twasema, "Sisi hatuzisikii, lakini tunaona zinakusumbua. Njoo tukae."

3. Ana kazi yake. Anafuga kuku wa mayai, na daftari la hesabu anaandika mwenyewe. Akikosea hesabu, twamngojea agundue.

4. Anachomwa sindano kila mwezi. Mikono ilipoanza kutetemeka na usingizi ukazidi, hakuacha dawa. Tulimweleza daktari, naye akapunguza kipimo.

5. Pamoja naye tumeandika dalili za ugonjwa kurudi: kukosa usingizi siku mbili mfululizo, na kuziba dirisha kwa nguo. Yeyote azionaye kwanza husema, nasi huenda zahanati bila kungoja.

6. Mgonjwa akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku ileile.

Alivyo leo

Hajapona kwa namna ambayo watu hupenda kusikia. Zipo siku anakaa chini ya mwembe tangu asubuhi hadi jioni, wala hataki salamu. Lakini ada ya shule ya mpwa wake muhula uliopita ilitoka kwenye mayai yake, na Jumapili nyingi ndiye anayepiga kengele ya kanisa. Hayo ni maisha, tena maisha yenye faida kwa wengine.

Sisi tunazeeka. Tulikuwa tukijiuliza nani ataikumbuka tarehe ya sindano tutakapokuwa hatupo. Sasa dada yake ameanza kwenda naye kliniki. Kwenu, ndugu zetu, tunaomba jambo moja dogo. Mkikutana naye mlangoni pa kanisa, msituulize sisi, "Huyu anaendeleaje?" naye amesimama pale pale. Muulizeni mwenyewe. Atawajibu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, kuna mtu katika jamaa yetu tunayemficha? Tunamficha kwa faida ya nani?

2. Ni maneno gani tunayoyatumia juu ya wagonjwa wa akili ambayo yafaa tuyaache?

3. Someni habari ya watu wanne waliombeba mwenye kupooza, Marko sura ya 2. Katika mtaa wenu, nani amebeba peke yake mzigo wa watu wanne?