Saratani ya tezi dume: chakula kinasaidia, hakiponyi

SWALI: Daktari, kaka yangu amekutwa na saratani ya tezi dume na ameanzishiwa sindano za homoni katika Hospitali ya Bugando. Huku Katoro anaambiwa aache nyama na maziwa, anywe unga wa mbegu za maboga, eti atapona bila sindano. Mimi nina miaka 52. Je, chakula kitamponya yeye na kunikinga mimi? – Msomaji, Geita.

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Hakuna chakula, unga wala mzizi uliothibitishwa kuponya saratani hii. Sindano hizo zinashusha homoni ya kiume ambayo uvimbe huitegemea ili ukue. Kaka akiziacha kwa ajili ya unga, saratani inapata nafasi ya kusambaa, mara nyingi hadi kwenye mifupa.

Msiamini pia kila kidonge kinachouzwa kama kinga. Utafiti ulioanza mwaka 2001 huko Marekani na Kanada uliwahusisha wanaume zaidi ya 35,000. Mwaka 2011 ilibainika kuwa waliopewa vitamini E pekee walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliomeza vidonge visivyo na dawa.

Hata hivyo, mlo una kazi yake. Unene uliopitiliza unahusishwa na saratani kali ya tezi dume na vifo vyake. Sindano zenyewe zinaweza kunenepesha, kupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Kwa hiyo kaka ale ugali wa dona au mtama kwa kiasi, pamoja na choroko au dengu za Shinyanga, mlenda, nsansa (mboga za majani zilizokaushwa), sato, na dagaa wa ziwani wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Nyama si sumu: ale kidogo, isiyo na mafuta mengi wala kuungua. Maziwa mengi sana yanashukiwa kuongeza hatari, lakini hilo halijathibitishwa; kikombe kimoja kwa siku kisimtishe. Apunguze chipsi, soda na pombe, na atembee kila siku kadiri daktari atakavyoruhusu. Kama anavuta sigara, aache kabisa, kwa sababu wagonjwa wanaovuta hufa zaidi kwa saratani hii.

Na wewe je? Mwanamume ambaye baba au ndugu yake wa damu ameugua, hatari yake ni takriban maradufu. Mlo mzuri hauifuti hatari hiyo. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Geita, mweleze daktari habari ya kaka yako, umuulize kuhusu kipimo cha damu cha PSA. Saratani hii ikiwa changa mara nyingi haina dalili, na hapo ndipo hutibika vizuri zaidi.

Mhimize kaka asikose sindano yake ijayo. Wewe usisubiri mpaka mkojo uanze kusumbua. Nenda kapime sasa.