Kuotesha Bakteria Darasani: Vifaa, Sampuli na Hatima ya Sahani

Katika jaribio linalopendwa sana na walimu wa Baiolojia, mwanafunzi hupitisha kijiti cha pamba juu ya kiganja, kitasa cha mlango au sarafu, kisha hukipaka juu ya agari. Baada ya siku mbili sahani huwa imejaa madoa meupe, ya manjano na ya waridi. Somo la usafi wa mikono hueleweka papo hapo, na darasa zima hutaka kusogea, kufunua na kunusa. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kiganja chenye bakteria wachache hakimdhuru mtu mwenye afya. Takriban mtu 1 kati ya 3 hubeba Staphylococcus aureus puani bila kuugua. Agari, hata hivyo, ni shamba lenye rutuba. Escherichia coli akipata chakula na joto la kumfaa hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa hesabu hiyo bakteria mmoja huweza kuzaa zaidi ya bilioni 1 katika saa 10. Sahani iliyokwisha kuota hubeba idadi ambayo mkono haukuwa nayo kamwe, na haijulikani ni bakteria wa aina gani. Kwa hiyo haifunuliwi. Wanafunzi huitazama ikiwa imefungwa, huhesabu makundi yaliyoota na kuyachora wakiyaona kupitia mfuniko.

Agari yenyewe yastahili kufahamika. Hutolewa katika mwani mwekundu, hasa Gelidium na Gracilaria. Kabla yake maabara ya Robert Koch nchini Ujerumani ilitumia jelatini, ambayo huyeyuka siku za joto na kuliwa na baadhi ya bakteria. Mnamo 1881 Fanny Hesse, aliyekuwa akimsaidia mumewe Walther kazini, alipendekeza agari aliyoizoea jikoni. Mwaka 1887 Julius Petri akaeleza sahani yenye mfuniko inayoitwa kwa jina lake hadi leo. Faida ya agari ni kwamba huyeyuka karibu na kiwango cha maji kuchemka, lakini haigandi mpaka ipoe kufikia nyuzi 40 hivi, na ikishaganda hustahimili joto la mchana wa pwani. Mwalimu wa Paje asidhani kwamba mwani unaolimwa mbele ya shule yake utamtosheleza: huo hutoa karajini, kitu kingine kabisa.

Shule za sekondari za Uingereza hushauriwa kuotesha kwa joto lisilozidi nyuzi 25, kwa sababu vimelea wengi wa binadamu hustawi zaidi kwenye nyuzi 37. Ushauri huo ni mzuri, lakini Dar es Salaam au Tanga chumba chenyewe hupita nyuzi 30 bila kiatamizi chochote. Kinga ambayo Mwingereza huipata kwa hali ya hewa, mwalimu wa pwani hana budi kuitafuta katika uteuzi wa sampuli. Vyoo, pua, koo, vidonda, nyama mbichi na kinyesi cha mifugo visiguswe kabisa.

Yapo mengi ya kufundishia yasiyo na shaka. Hamira katika chupa yenye maji ya uvuguvugu na sukari, mdomoni pamefungwa puto, huonyesha uchachukaji ndani ya kipindi kimoja. Tone la maziwa ya mgando lililopakwa kwenye kioo, likakaushwa na kutiwa rangi ya methilini buluu, huonyesha bakteria wa maziwa chini ya hadubini kwa ukuzaji wa mara 1,000. Shule isiyo na lenzi ya mafuta itawaona hamira vizuri kwa mara 400, na hilo si dogo.

Sahani zikioteshwa, hugeuzwa chini juu ili matone ya mvuke yasidondokee agari. Mfuniko hushikizwa kwa vipande viwili au vinne vya utepe. Kuuzungushia utepe wote huzuia hewa na huweza kuwapa nafasi bakteria wasiopenda oksijeni.

Kazi ngumu ni ya mwisho, nayo ndiyo hurukwa. Sahani hazitupwi jalalani zikiwa hai. Sufuria ya presha inayofikia nyuzi 121 huziua kwa dakika 15, zikihesabiwa baada ya presha kutimia, si tangu moto ulipowashwa. Sahani za kioo husafishwa na kutumika tena. Za plastiki huyeyuka, hivyo huwekwa kwanza katika chombo kinachostahimili joto, ambacho hakifungwi kabisa. Shule inayonunua vifaa kwa mara ya kwanza ingefaa kuanza na sufuria hiyo kabla ya kufikiria sahani zenyewe.

Sahani ikianguka na kuvunjika, wanafunzi huondolewa mahali hapo, vipande hufunikwa kwa karatasi iliyoloweshwa mchanganyiko wa sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia na sehemu 9 za maji, na huachwa kwa dakika 20. Kisha huokotwa kwa koleo, glavu zikiwa mkononi. Spiriti ya kupangusia meza nayo huwekwa mbali na kichomeo, kwani mvuke wake hushika moto kabla mtu hajatambua.