Dondoo muhimu: P2 haingoji kesho

Kwa kuwa P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, hutajwa kuwa kidonge cha saa 72 baada ya ngono bila kinga, wengi huona hata siku ya tatu hawajachelewa. Wanakosea. Dawa iliyomo, levonogestreli, huchelewesha yai kutoka kwenye ovari. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga. Mbegu za kiume huweza kuishi mwilini hadi siku 5, na yai likishakaribia kutoka, kidonge hakina tena cha kuzuia. Utasema wapo waliomeza siku ya tatu wakasalimika. Kweli, lakini huenda yai lao lilikuwa mbali bado, na lako huna hakika liko wapi. Ukitapika ndani ya saa 2, rudia dozi. Saa 72 zikipita, wahi kituo cha afya: kitanzi cha shaba huzuia mimba kikiwekwa ndani ya siku 5.