Moto Umo Zizini

Mwenye ng'ombe kumi kukosa kuni za kupikia uji ni jambo la ajabu, lakini ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi za Usukuma. Mama hutoka alfajiri kufuata kuni mbali, na hatua chache toka mlangoni pake zizi limejaa samadi. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi samadi hiyo iwezavyo kuwa moto, na mahali ishindwapo.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Shinyanga haikuwa uwanda mtupu tangu asili. Katika miaka ya 1920 na 1930 vichaka vilifyekwa ili mbung'o wafe. Kisha mashamba ya pamba na wingi wa mifugo vikamaliza vilivyosalia. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, nao wenyeji wakaifufua desturi ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho isiguswe hadi kiangazi. Miti ikarudi. Lakini huko Geita wachimbaji wahitaji magogo ya kushikiza mashimo, na miji iliyokuzwa na dhahabu yataka mkaa. Miti iliyolindwa kwa taabu yaweza kuishia jikoni.

Sasa tuutazame mtambo wa gesi ya samadi. Huchimbwa shimo, likajengewa kwa matofali na saruji, likafunikwa lisiingize hewa. Samadi mbichi huchanganywa na maji, ndoo kwa ndoo, ikamiminwa ndani. Humo vijidudu visivyohitaji hewa huiozesha na kutoa gesi iwakayo, ipitayo katika bomba hadi jikoni. Kilo 25 hivi za samadi hutoa mita moja ya ujazo ya gesi, nayo huwasha jiko moja kwa saa mbili hivi, bila moshi wa kuumiza macho na kifua. Uji unaobaki ni mbolea njema ya mahindi na pamba.

Je, umeme? Wawezekana, lakini tusidanganyane. Gesi ikiendesha injini ndogo ya jenereta, robo hivi tu ya nguvu yake huwa umeme. Nyingine hupotea kama joto. Mita ile moja itatoa yuniti moja na nusu hivi. Kwa nyumba moja, heri gesi ipike na taa ziwashwe kwa nguvu ya jua. Umeme wa samadi wafaa penye mifugo mingi iliyokusanywa pamoja, kama shuleni au kwenye ranchi.

Mwaka 2009 taifa letu lilianza mpango wa kueneza mitambo hii, ukisimamiwa na CAMARTEC ya Arusha. Hata hivyo ipo iliyozimika, na sababu zajulikana. Ng'ombe wetu hushinda machungani. Zizini huacha samadi ya usiku tu, na hiyo ndiyo ya kuhesabiwa kabla ya kujenga. Tena kuna maji. Tukimtua mama mzigo wa kuni tukamtwika wa maji, tumemsaidia nini? Asiye na maji karibu na ajenge kwanza tangi la kukinga mvua ya paani. Asiye na ng'ombe atumie jiko la udongo libanalo kuni.

Neno la mwisho twawaambia akina baba. Ng'ombe ni wenu, na kuni mmewaachia wake zenu. Gharama ya mtambo yaweza kuzidi bei ya ng'ombe mmoja. Mlitoa ng'ombe wengi kwa mahari ili mama huyo aje nyumbani. Msione vigumu kuuza wawili ili akae humo bila kukohoa.