Kuvu Katika Nyumba za Kupanga: Ni Kazi ya Nani?

Madoa meusi yatokeayo ukutani wakati wa mvua ni kuvu. Huota penye unyevu, na huzidisha pumu na kikohozi, hasa kwa watoto. Mara nyingi mpangaji na mwenye nyumba hulaumiana, lakini yafaa waulize kwanza: maji yatoka wapi?

Yakitoka katika paa linalovuja, bomba lililopasuka ndani ya ukuta, au ukuta unaonyonya maji ya ardhini, kazi ni ya mwenye nyumba. Kwa kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, huhesabiwa kuwa ameahidi nyumba itafaa kukaliwa na watu muda wote wa kukodishwa, hata ikiwa ahadi hiyo haikuandikwa, isipokuwa mapatano yamesema vingine.

Lakini unyevu ukiwa ni wa mvuke wa kupikia na nguo zinazoanikwa ndani, madirisha yamefungwa, ni juu ya mpangaji kupitisha hewa na kupangusa kuta.

Kupaka rangi juu ya kuvu ni kazi bure, maana itarudi. Mpangaji aeleze habari mapema kwa barua na kuweka nakala, wala asizuie kodi, kwa kuwa kulipa kodi ni ahadi yake katika sheria hiyo hiyo.