Chai ya Kiwanda Kimoja: Maswali kwa Mwonjaji

Chai nyingi ya Kericho na Bomet hupelekwa mnada wa Mombasa, ikachanganywa na ya kwingineko, na jina la kiwanda likaishia hapo. Lakini wapo wafungashaji wanaonunua chai ya kiwanda kimoja na kuiuza bila kuichanganya. Wasomaji wameuliza waionjeje.

Nyumbani naanzaje?

Pima gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, funika dakika 6, kisha chuja. Kipimo hicho ndicho cha kimataifa, ISO 3103. Maziwa na sukari weka kando kwanza. Vuta funda kwa kelele, hata kama mama mkwe yupo: hewa ndiyo inayopandisha harufu puani. Zungusha mdomoni, tema.

Natafuta nini hasa?

Anza na majani yaliyobaki kwenye chujio. Yakiwa na rangi ya shaba inayong'aa, kazi ilifanywa vizuri. Yakiwa ya kijani, hayakuachwa yachachuke vya kutosha. Yakiwa meusi yaliyofifia, yalipitiliza. Chai yenyewe iwe angavu na ichangamshe ulimi. Ukisikia moshi, shuku kikaushio.

BP1 ni bora kuliko PF1?

Hapana. Hizo ni saizi za chembe. BP1 ni kubwa zaidi. PF1 ni ndogo na hukolea haraka.

Mbona bonasi ya wakulima wa chai wa Kirinyaga hushinda yetu?

Swali hili hunifuata hadi kanisani. Mnadani, chai ya mashariki ya Bonde la Ufa, kama ya Kirinyaga, kwa kawaida hupata bei ya juu kuliko ya magharibi, kama yetu. Bei ina mambo mengi. Mimi nijibu la kikombeni. Ukichuma majani manne badala ya mawili na chipukizi, ukayashindilia guniani yakapata joto yakisubiri lori, hakuna mashine itakayoyarudishia ung'avu. Msimu wa mvua nao, majani hufurika kiwandani, na muda wa kuyanyausha unabanwa. Mizani ya kituo cha kununulia majani hupima kilo tu. Mnunuzi wa Mombasa hulipia kilo na ladha. Wakulima wenzangu hawapendi kulisikia hili, ila nasimama nalo.

Ni kweli chai ya kiwanda kimoja inafanana na wiski ya Uskoti?

Kwa kiasi. Huko, wauzaji kama Cadenhead, walioanza mwaka 1842, hununua mapipa ya kiwanda fulani na kuyatia kwenye chupa zao wenyewe. Waskoti si wageni Kericho: kampuni ya James Finlay, iliyolima chai hapa miaka mingi, ilianzishwa Glasgow mwaka 1750. Tofauti ni kwamba wiski ikishafungwa kwenye chupa hukaa miaka bila kubadilika sana, ilhali chai huchuja, hasa ikipata unyevu.

Basi mwulize mfungashaji mambo mawili: jina la kiwanda na tarehe ya kutengenezwa. Asipokuwa nayo, mwachie pakiti yake.