Haki ya Mzee katika Mali Yake: Lini Kuweka na Lini Kutumia

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kumruzuku amtakaye bila ya hisabu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na Masahaba zake.

Amma baad. Jua, ewe ndugu Muislamu, ya kuwa mali ina nyakati mbili: wakati wa kuichuma na kuiweka, na wakati wa kuitumia. Adabu za wakati wa kwanza watu wengi wamezisoma kwa wazee wao tangu utotoni: wameambiwa akiba haiozi, na ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno haya ni kweli. Lakini ni wachache waliosoma adabu za wakati wa pili. Kwa hiyo huonekana mtu ametumika miaka 35 bandarini, au forodhani, au katika kusomesha, akajinyima, akalea watoto wakawa wakubwa, akatimiza umri wa kustaafu, nao leo kwa watumishi wengi wa serikali katika Tanzania na Kenya ni miaka 60. Akapewa kiinua mgongo chake na pensheni yake, kisha akaendelea kuishi kama alivyoishi mwezi wa kwanza wa kazi yake. Kanzu yake ni ile ile, paa lake lavuja, mkewe huomba pesa ya kitoweo kwa khofu, na kila atakapo kutoa shilingi mkono wake huwa mzito. Akiulizwa, hujibu kuwa aweka kwa ajili ya kesho. Na kesho aliyokuwa akiiwekea ndiyo hii leo.

Somo hili ni la kubainisha hukumu ya jambo hili na dawa yake, kwa madhehebu ya Imamu Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu.

FASLI YA KWANZA
Kuweka akiba si aibu

Mtu asidhani ya kuwa sharia yamtaka atoe alicho nacho chote akae mikono mitupu. Imethubutu katika Bukhari na Muslim ya kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwawekea ahli zake chakula cha mwaka kutokana na mali ya Bani Nadhir, na yeye ndiye bora wa wenye kumtegemea Mola wao. Basi kuweka hakupingani na kutawakali.

Lakini Mwenyezi Mungu ameweka mpaka pande zote mbili. Katika Suratul Israa, aya ya 29, amekataza mtu kuufunga mkono wake shingoni, na amekataza vile vile kuukunjua wote akabaki mwenye kulaumiwa. Na katika Suratul Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake ya kuwa watoapo hawapiti kiasi wala hawafanyi choyo, bali huwa katikati ya hayo mawili. Basi mwenye kufunga mkono na mwenye kuumwaga wote wawili wameiacha njia, ingawa watu humcheka huyu wa pili na humsifu yule wa kwanza kwa jina la uangalifu.

FASLI YA PILI
Ubakhili ni kitu gani?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, amebainisha katika kitabu chake Ihya ya kuwa bakhili ni yule azuiaye palipopasa kutoa, na ya kuwa kupasa huku ni kwa namna mbili. Ya kwanza ni yaliyopasa kwa sharia, kama zaka na nafaka ya mke na watoto. Ya pili ni yaliyopasa kwa muruwa na ada njema, kama kutowabana watu wa nyumbani, na kutompimia mgeni na jirani vitu vidogo vidogo. Atakayetimiza ya kwanza akaiacha ya pili hajasalimika na ubakhili.

Na hapa pana mas-ala ambayo wastaafu wengi wameghafilika nayo. Nafaka ya mke katika madhehebu ya Shafii hufuata hali ya mume: tajiri atoa mudi mbili za chakula kila siku, wa katikati mudi moja na nusu, na fakiri mudi moja, na mudi ni robo ya pishi ya Mtume. Juu ya hayo pana kitoweo, na makazi, na mavazi mara mbili katika mwaka. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj ya kuwa utajiri na ufakiri wa mume hutazamwa alfajiri inapochomoza. Maana yake ni kuwa mume hupimwa kwa hali aliyo nayo siku hiyo, wala hapimwi kwa hali aliyokuwa nayo miaka thelathini iliyopita. Basi mtu aliyekuwa fakiri siku alipooa, na leo akaamka na mali ya kutosha, deni lake kwa mkewe limezidi tangu alfajiri hiyo. Kumlisha kwa kipimo cha zamani si uangalifu, bali ni kuzuia haki.

Na imesimuliwa katika Bukhari na Muslim ya kuwa Hindu binti Utba alimshitakia Mtume ya kuwa mumewe Abu Sufyani ni mtu mgumu wa mkono, hampi ya kumtosha yeye na watoto wake. Mtume akamruhusu achukue katika mali ya mumewe yatakayomtosha kwa wema. Wala Abu Sufyani hakuwa fakiri. Alikuwa katika wakubwa wa Makka.

FASLI YA TATU
Kutumia katika halali si ubadhirifu

Wengine huizuia mikono yao kwa kuogopa ubadhirifu, nao hawajui maana yake. Mwenyezi Mungu katika Suratul Aaraf, aya ya 31 na ya 32, ameamrisha kula na kunywa pasipo kupita kiasi, kisha akawakatalia wanaoharimisha pambo na riziki njema alizowatolea waja wake. Na katika Suratul Qasas, aya ya 77, Karuni aliambiwa atafute kwa mali yake nyumba ya akhera, wala asisahau fungu lake la duniani.

Na wanavyuoni wa Shafii wamelifunga jambo hili kwa kanuni. Katika Minhaj imeelezwa ya kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa kutoa mali katika sadaka na njia za kheri, na katika vyakula na mavazi, hata kama yamezidi hali ya mtu, hakumfanyi kuwa mbadhirifu wa kuzuiliwa mali yake. Sababu yake ni kuwa mali huchumwa ili mtu anufaike nayo. Mbadhirifu ni yule aitupaye mali baharini, au aipotezaye katika hasara iliyo wazi ya biashara, au aitoaye katika haramu.

Na amepokea Abu Daud ya kuwa mtu mmoja alimwendea Mtume na nguo dhalili. Akamuuliza kama ana mali. Akajibu kuwa anayo ya kila namna, ngamia na kondoo na farasi. Akamwambia ya kuwa Mwenyezi Mungu akimpa mali, basi neema hiyo na ionekane juu yake. Hapa ndipo mzee ajue: akivaa kanzu safi, akatengeneza paa lake, akanunua samaki mzuri akala na mkewe na wajukuu zake, na nia yake ni kumshukuru Mola, basi starehe yake ni ibada.

FASLI YA NNE
Sababu za mkono kuwa mzito

Sababu ni nne.

Ya kwanza ni mazoea. Aliyejinyima miaka mingi kwa haja, nafsi yake huzoea kujinyima hata haja ikiondoka.

Ya pili ni khofu ya ufakiri, na katika Suratul Baqara, aya ya 268, imebainishwa ya kuwa ahadi ya ufakiri ni ya shetani.

Ya tatu ni kupenda mali kwa dhati yake. Mtume ameeleza ya kuwa binadamu huzeeka na mambo mawili huzidi pamoja naye: kupenda mali na kupenda maisha marefu. Basi mzee asistaajabu akiona choyo chake leo kimepita cha ujanani. Ni maradhi ya umri, na maradhi hutibiwa.

Ya nne ni kuwaonea huruma warithi. Hii ni nia njema ikiwa na kiasi. Lakini Mtume aliwauliza Masahaba wake ni nani katika wao apendaye mali ya mrithi wake kuliko mali yake. Wakajibu hakuna. Akawafahamisha ya kuwa mali ya mtu ni ile aliyoitanguliza, na mali ya mrithi ni ile aliyoiacha nyuma.

Tanbihi. Wala mtu asidhani ya kuwa mali iliyolala haipungui. Ikifika nisabu, nayo ni kadiri ya gramu 85 za dhahabu, na ukapita mwaka wa mwezi mwandamo, yapasa itolewe robo ya ushuri, yaani moja katika arubaini. Aliyelaza shilingi 1,000,000 akatoa zaka yake kila mwaka, baada ya miaka 10 hubakiwa na shilingi kama 776,000, na huku bei za vitu zimepanda. Akiba haiozi, lakini yapungua, na mwenyewe ndiye mwenye kuoza.

FASLI YA TANO
Taratibu ya kutoa

Mwenye kustaafu na aipange mali yake kwa daraja.

Kwanza, madeni ya watu, hata yaliyosahauliwa na wenyewe.

Pili, zaka za miaka iliyopita ambazo hakuzitoa.

Tatu, Haji. Katika madhehebu ya Shafii mwenye uwezo aweza kuichelewesha kwa sharti ya kuazimia kuitenda. Lakini akichelea kulemaa, yampasa afanye haraka. Akisha kulemaa asiweze tena kusafiri, na mali anayo, yampasa amtume mtu amhijie. Na akifa hakuhiji ilhali aliweza, hutolewa gharama ya Haji katika mali yake kabla ya warithi kugawana. Wangapi walioweka nauli ya Haji miaka ishirini, mali ikafika ikazidi, na magoti yakawa hayafiki tena!

Nne, nafaka ya nyumba yake, kwa hali yake ya leo kama ilivyotangulia.

Tano, akiba ya kumtosha yeye na wanaomtegemea kwa chakula na matibabu, ili asiwe mzigo wala mwombaji.

Sita, starehe ya halali: kuwazuru jamaa walio mbali, na kukirimu wageni, na yote yaburudishayo moyo pasipo maasia.

Saba, sadaka na wakfu, kama kisima, au vitabu vya chuo, au shamba ambalo asili yake huzuiliwa na matunda yake hutolewa, kama alivyofanya Seyyidna Omar kwa ardhi yake ya Khaibar. Na akiwapa watoto wake, sunna ni kuwasawazisha.

Na haya yote yafanywe katika siha. Kwani mtu akiingia katika maradhi ya mauti, zawadi na wakfu na sadaka zake hazipiti theluthi ya mali yake ila warithi wakiridhia. Saad bin Abi Waqqas aliugua Makka mwaka wa 10 wa Hijra, akataka kutoa theluthi mbili katika sadaka. Mtume akamkataza, akamkataza na nusu, akamruhusu theluthi, akamwambia nayo ni nyingi. Na katika maneno hayo hayo akamjulisha ya kuwa kila atakachokitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu ana ujira wake, hata tonge amtiayo mkewe kinywani. Basi mwenye kungoja kitanda cha ugonjwa ili awe karimu, atakuta mamlaka yake yamekwisha kukatwa theluthi mbili.

FASLI YA SITA
Dawa yake

Imamu Ghazali ameeleza ya kuwa dawa ya ubakhili ni ilimu na amali. Ilimu ni kujua madhara yake, nayo yamekwisha kutajwa. Amali ni kujilazimisha kutoa hata kuwe tabia, kama vile kuweka kulivyokuwa taabu mwanzo kisha kukawa tabia.

Basi na aanze na kidogo, na aanze na nyumba yake. Kila Ijumaa atoe kitu kimoja ambacho zamani angalikizuia: wiki hii kitoweo bora, wiki ijayo nguo ya mke, kisha zawadi ya dada yake mjane. Wala asirudi kuhesabu kilichobaki usiku ule. Na yule aliyekuwa na daftari la kuweka, na ashike daftari la kutoa. Mwisho wa mwezi atazame kama mstari wa matumizi ya halali na wa sadaka umeongezeka. Moyo utauma mara ya kwanza na ya pili, kisha utatulia.

SUALI. Mzee akitumia mali yake akawaachia watoto kidogo, je, ana dhambi?

JAWABU. Hana. Mali ni yake maadamu yu hai na ana siha, wala mrithi hana haki ndani yake. Lakini kusudi lake lisiwe kuwanyima, kwani nia hiyo ni mbaya. Na Mtume amebainisha ya kuwa kuwaacha warithi na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu.

SUALI. Je, akikopa ili afanye karamu ya kusifiwa?

JAWABU. Hiyo si starehe bali ni ria na deni, na mzee aliyekwisha kukoma kuchuma atalipa kwa kitu gani? Kutoka katika choyo na kuingia katika fahari ni kutoka shimo na kuingia shimo.

KHATIMA

Amepokea Muslim ya kuwa Mtume alieleza jinsi binadamu asemavyo kuwa mali hii ni yake, ilhali hana katika mali hiyo ila alichokila kikaisha, au alichokivaa kikachakaa, au alichokitoa sadaka kikamtangulia. Mambo ni matatu tu, na mawili katika hayo ni chakula na nguo za halali. Yaliyozidi hayo, mwenye mali ni mlinzi asiyelipwa. Na katika Suratul Munafiqun, aya ya 10, waumini wameamrishwa watoe kabla ya kujiliwa na mauti, mtu akaomba acheleweshwe kidogo tu apate kutoa, wala hacheleweshwi.

Mwenyezi Mungu aikunjue mikono ya waja wake katika halali, aikunje katika haramu, na awape mwisho mwema. Amin.

Wallahu aalam.